Mzee Odera Alisimamisha Wimbo

Jumamosi, Nyamasaria

Mabega yanauma lakini usingizi hauji! Leo sisi wapagazi tumebeba piano ya Mzee Odera hadi ukumbini Kondele. Ndiye wa kwanza hapa kuongoza bendi ya jazi kwa piano. Sasa vidole vyake vimeanza kukataa.

Katikati ya wimbo alinyamazisha bendi, kama Wajaluo wanavyofanya ili mtu ajisifu. Akanigeukia. "Wewe Mkamba, jigambe!"

Tangu nije huku naitwa Mkamba tu. Niliogopa kuchekwa, lakini...

"Mimi Mutua, mwana wa Kalondu wa Mwingi! Jazi yenu imekuja kwa mgongo wangu!"

Ukumbi ulilipuka! Mzee akaivamia piano kama kijana.

Tulipoirudisha kwenye lori, mpiga ngoma aliita, "Mutua, shika huku."