Swichi Uliyonikabidhi

Nyumbani kwa bibi yako,
Nyuma ya saluni,
Jumapili, tarehe tisa, mwezi wa saba.

Mpendwa mke mwenzangu,

Pokea salamu zangu, na uhesabu kwamba kiganja changu kiko juu ya kichwa chako hata kama uko mbali. Hujambo? Na mkono wa kulia haujambo? Lile lengelenge limekauka, au bado linachubuka ukishika kijiko? Unalala? Usinijibu "mzima tu, bibi" kama mtu anayeitikia salamu njiani huku anakimbilia basi. Nataka jibu la kweli.

Mimi mwili ni mzima. Magoti yanalia, lakini hayo yalianza kulia kabla mama yako hajaolewa, nimeyazoea kama redio ya jirani. Roho ndiyo inayougua. Ndiyo maana nimemkalisha msusi hapa mlangoni aniandikie, maana mimi na kalamu hatukuwahi kukutana. Nimemwambia aandike ninavyosema, asinipambe. Kupamba akapambe vichwa vya wateja wake.

Mama yako alipita hapa Alhamisi. Kaniambia kiwandani wanataka uwe mkuu wa mafundi umeme wote, wanaume kwa wanawake, na kwamba wanangoja jibu lako mwisho wa mwezi. Nikapiga kigelegele. Akaniambia nishushe sauti, kwa sababu wewe unataka kukataa. Angesema unakataa kwa kuchoka, ningenyamaza. Lakini alisema maneno yako mwenyewe yalikuwa haya: "Mtu anayerushwa na umeme wa mashine ya kusaga unga atawasimamia mafundi gani?" Chai ilinipalia, mwanangu. Mama yako akanipiga mgongoni akidhani ni uzee.

Sasa kaa chini usome. Siku ile hukukosea kitu. Niliyekosea ni mimi, na nimekuacha mwezi mzima ukidhani ni wewe.

Nianze pale ulipofika. Ulikuja kupumzika. Ulisema hivyo mlangoni, begi likiwa bado begani: "Bibi, nimekuja kulala." Siku ya kwanza ulilala mpaka jua likawa la utosi, nami nikawa nagonganisha masufuria makusudi. Sisi tulilelewa kwamba mwanamke anayelala mchana ana mimba au ana homa, na wewe hukuwa na hata kimoja. Kesho yake nikaanza kukuazimisha kama kinu. Friji ya msusi. (Msusi anasema tuandike kwamba na yeye anaomba radhi. Haya, imeandikwa.) Taa za kinyozi. Feni ya mshona viatu, ambaye hata hakuwa ameomba, mimi ndiye niliyemwambia ailete. Uliponiambia mgongo unakuuma, nilikujibu utalala kaburini, huko nafasi ni tele. Nikacheka. Na wewe ulicheka, lakini kwa meno tu.

Ndipo mashine ya kusaga ikafa, na foleni ya watu wenye ndoo za mahindi imefika barabarani. Nikakushika mkono nikakupeleka kama mtu anayepeleka ng'ombe mnadani. Hukuwa umekula.

Ulizima ile swichi kubwa iliyo ukutani karibu na mlango. Ukanieleza kwamba kiwandani kwenu kila fundi ana kufuli lake: anaifunga swichi, ufunguo unakaa mfukoni mwake, na hata mkurugenzi hawezi kuwasha mpaka fundi atoke salama. Lako uliliacha kazini, maana nani anakwenda likizo na kufuli? Basi ukanisimamisha mimi pale ukutani. "Bibi, leo wewe ndiwe kufuli langu. Usibanduke. Asiguse mtu." Nikakujibu kwamba hata nzi hatatua.

Nilibanduka.

Huko nje mwanamke mmoja wa kwenye foleni alisema kwa sauti, "Huyo binti ndiye fundi? Si atatuunguzia mashine, tulale njaa?" Ningeweza kumjibu nikiwa palepale, mdomo wangu unafika mbali. Lakini nilitaka anione ninavyosema. Nikatoka, kifua mbele, nikaanza kuwasimulia wewe ni nani, mitambo uliyoifufua, wanaume wanaokuita bosi. Nikanogewa. Mwenye mashine akaingia kwa mlango wa pili, akaikuta swichi imezimwa na pembeni yake hapana mtu, akaiwasha ajaribu. Nilisikia ukipiga kelele nikajua kabla sijageuka.

Aliizima upesi kwa woga. Nami nilikimbia, kwa magoti haya haya, na ulipoinua kichwa ulinikuta nimesimama ukutani kama nanga. Ulitazama swichi, imezimwa. Ukanitazama mimi, nipo. Ukautazama mkono wako ukasema, "Labda kuna waya mwingine sikuuona." Mwenye mashine akaniangalia, nikamwangalia, tukanyamaza wote wawili kama wezi wa kuku.

Kunyamaza kungetosha kuwa dhambi, lakini mimi niliongeza chumvi. Watu walipojaa mlangoni niliwaambia, "Msiogope, umeme ni ndugu yake, wanasalimiana tu." Wakaangua kicheko. Wewe umekaa chini kwenye vumbi la unga, umeukumbatia mkono, na bibi yako anachekesha watu.

Asubuhi uliondoka kabla chai haijachemka. Nilidhani umekasirika, nikasema moyoni acha akasirike, atapoa. Kumbe hukuwa na hasira. Ulikuwa na haya. Aibu ilikuwa yangu, ukaibeba wewe kwenye basi safari nzima, na bado unayo mpaka leo.

Ijumaa nilikwenda kwenye mashine saa ya foleni. Nikasimama juu ya kile kizingiti nilichotokea siku ile nikawaambia: fundi aliniweka nilinde swichi, nikaiacha ili nije kujisifu kwenu. Mwenye mashine akaninong'oneza, "Bibi, kwa umri huu unajitafutia aibu ya nini?" Nikamwambia sijaitafuta, ninayo, naigawa. Yule mwanamke wa siku ile naye alikuwepo. Akauliza, "Kwa hiyo binti hakukosea?" Nikamjibu aliyekosea ndiye huyu unayemwona, mwenye mdomo. Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

Mke mwenzangu, mimi cheo chako sikijui, sijui hata kinakaliwa kwenye kiti gani. Lakini jambo moja nalijua. Ukikikataa kwa sababu umechoka, nitakuwa wa kwanza kukutandikia kitanda, na atakayekuita mvivu nitamjibu mimi. Ukikikataa kwa sababu ya ile mashine, utakuwa umekikataa kwa uongo wangu, na hilo sitaweza kufa nalo moyoni.

Wala usikichukue ili mimi nipate la kusema kisimani. Nimesema ya kutosha. Kama unakitaka, waulize kwanza: siku yako ya kupumzika nani atapokea simu? Mama yako ananiambia inakuita hata ukiwa bafuni na sabuni usoni. Wakuandikie jina la mtu huyo, si kukwambia "tutaona". Mimi nimeshasikia "tutaona" nyingi, sikuwahi kuona.

Unajua kwamba nilifua nguo za watu mpaka siku ile ile niliyomzaa mama yako. Nimekusimulia mara ngapi? Nilikuwa nalisema kama mtu anayeonyesha nishani. Juzi nilimsimulia msusi akaniuliza, "Kwa nini hukupumzika?" Jibu lenyewe ni kwamba sikuwa na wa kunishikia beseni. Hapakuwa na ushujaa wowote. Lakini nililisema miaka mingi hata nikaliamini, na wewe uliyekuwa na bibi wa kukushikia beseni, bibi huyo akakuongezea nguo.

Hapa tumeacha kuandika kidogo, mtu kabisha hodi. Ni mke wa kinyozi, kaleta pasi yake haipati moto. Kauliza fundi wetu anakuja lini tena, kama vipi aiache hapa ikusubiri. Nitakwambia ukweli kwa kuwa leo ni siku ya ukweli: mkono wangu ulishanyooka kuipokea. Msusi aliniona. Nikaurudisha mkono, nikamwambia pasi haziachwi hapa, mjukuu wangu akija atakuja kulala. Kaondoka amenuna. Amesema siku hizi nimekuwa na maringo. Imeniuma, maana napenda kupendwa na majirani, lakini nimeacha iume.

Kwa hiyo njoo ukiweza. Kama huwezi kunitazama bado, usije, nitaelewa, ila usiache kulala huko uliko.

Mama yako anakusalimu, na mumewe pia, ambaye bado anadai wewe ndiwe uliyemharibia tochi. Shangazi yako aliyehama ng'ambo ya soko anasema umpigie. Dada yako mkubwa kajifungua salama, mtoto ana paji la uso lako, pole yake. Msalimie yule mwenzako mnayeshirikiana chumba, mwambie namshukuru kwa kumfunga bandeji mtoto wangu, kazi ambayo ilikuwa yangu.

Mungu akutulize mwili, akuponye mkono, na akupe kichwa cha kuamua bila kelele zetu.

Nijibu wewe mwenyewe, usimtume mama yako. Hata kama ni matusi, yaandike yote. Nitamwambia msusi anisomee kwa sauti, mlango ukiwa wazi.

Ni mimi nikupendaye, mwenye haya,
Bibi yako.