Nyumba Moja, Mgonjwa Mmoja

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie hapo kwenye duka lako la dawa, wewe na wifi na watoto. Natumaini mgongo wako umetulia na mama bado anakula vizuri. Mimi ni mzima wa kuweza kuandika, tuseme hivyo. Aliyekuletea barua hii mpe kiti na maji ya kunywa, maana ametembea kwa miguu kupita milimani. Hajui kusoma, lakini uso wa mtu anausoma vizuri sana. Kwa hiyo tafadhali soma mpaka mwisho bila kuukunja wako.

Unajua tulivyoondoka: daktari, wauguzi wawili, mimi nikiwa mmoja wao, dereva na makasha ya dawa, sote wa kujitolea, sote tukijiona watu wema kupindukia. Wanakijiji walitupa madarasa ya shule. Madawati tuliyasukuma ukutani, mawili tukayaunga na kuyatandika shuka yakawa kitanda cha kupimia, na pazia tukalitundika kwenye misumari ya ramani. Asubuhi ya kwanza watu walijaa uwanja hadi nje ya uzio. Daktari akaona hatutamaliza hata tungekaa mwaka. Akatoa agizo, nami nikaliandika ubaoni kwa chaki, kwa mwandiko wangu ule unaousifia: nyumba moja, mgonjwa mmoja.

Kaka, tulikuwa wajinga. Tulidhani kila nyumba itamleta aliyezidiwa. Wao wakaona aliyezidiwa hawezi kupanda mlima wala kusimama juani, basi kila nyumba ikamtuma mwenye miguu, akaja na maradhi ya wenzake akiyasema kama yake. Bibi mmoja asiye na jino hata moja alinilalamikia kwamba maziwa yamekauka na mtoto hashibi. Kijana mwenye ndevu aliniambia, macho makavu, kwamba hedhi yake haikatiki. Nilicheka hadi nikatoka nje kuvuta pumzi. Kumbe kila kichekesho kilikuwa na mtu wake amelala nyumbani.

Ndipo akaja seremala mmoja, mpana kama mlango. Alisema ana kiu isiyokatika, usiku kucha anaenda haja ndogo, na amekonda hadi nguo zinamvuka. Na huku vifungo vya shati lake vilikuwa karibu kuruka! Nikamtoboa kidole, nikapima, sukari yake nzuri kabisa. Hapo kicheko kikanikauka. Maneno yale nayajua, kaka. Ndiyo niliyokuwa nikimwambia mama kabla hatujajua kwamba ninaumwa sukari. Nikamuuliza polepole ni nani anayeumwa nyumbani. Akatazama sakafu, akasema ni binti yake, kisha akaniomba radhi kwa kudanganya na kunisihi nisimfukuze.

Tulimkuta binti kwenye mkeka, anahema kama aliyetoka mbio, pumzi yake inanuka matunda yaliyochacha. Ni wa umri wa mwanao wa kati. Kwenye makasha yetu mlikuwa na dawa za malaria, za minyoo, za macho, hata dawa ya chunusi aliyotupa mfadhili fulani. Insulini haikuwemo. Kijiji kizima kilikuwa na kichupa kimoja tu, nacho ni changu, kimefungwa kitambaa kibichi ndani ya begi langu. Nilimdunga. Kisha nikakiinua kichupa kwenye mwanga kuona kimebaki kiasi gani.

Daktari alisema tukimpakia garini kwa barabara ile hatafika hai. Tukakubaliana wao waende kutafuta insulini, mimi nibaki naye na dripu. Hawajafika mbali mvua ikafunguka, mto ukalibeba daraja. Wao wako ng'ambo, sisi huku. Simu haishiki hata ukipanda juu ya paa la shule. Nimepanda.

Sasa nikwambie kilichonifanya nichukue kalamu. Daktari hakuniacha hivihivi. Aliniuliza tena na tena kama nina dawa yangu ya kutosha, nikamjibu kwamba nina kichupa kingine begini. Sina, kaka. Wewe uliniambia nibebe viwili, nikakucheka kwamba umezeeka kabla ya wakati wako. Ningesema kweli angenipandisha garini kwa nguvu, na kichupa changu pamoja nami. Kwa hiyo huko waliko hawana haraka. Wanangoja maji yapungue, wakiamini tunayo ya kutosha.

Yeye namdunga anachohitaji, mimi najidunga kidogo mno, na wewe unajua maana yake. Binti amefungua macho, ameanza kuongea. Mimi nimeanza ile kiu. Kichupa kimebaki na cha kulowanisha chini tu. Usinione mtakatifu. Jana aliisukuma supu niliyompikia, nikamchukia kwa moyo wangu wote, nikaenda kulia nyuma ya choo. Sitaki kufa. Ninaogopa, nina hasira, na kila nikishika sindano nawaza kukificha kichupa na kusema kimeisha. Sijui kesho nitafanya nini, na hakuna mwingine ninayeweza kumwambia hivyo.

Huyo uliyempa kiti ndiye baba yake. Hajui lolote. Anadhani dawa ilitoka kwenye makasha, na kukonda kwangu anadhani ni uchovu wa kazi. Akijua, sijui kama atanirudishia kichupa au atanipora, na sitaki kumtia mzazi kwenye mtihani huo. Usimwambie.

Mpe insulini yote uliyonayo na sindano, vitie kwenye chupa ya chai yenye barafu. Mpigie daktari, mwambie nilimdanganya. Mama mwambie kazi imeongezeka. Wifi nisalimie sana, na watoto wabusu mmoja mmoja.

Mwonye mgeni wako atembee taratibu wakati wa kurudi. Njia ya milimani ina utelezi na magenge, na akianguka yeye tumekwisha sote.

Hapana, kaka. Mwambie akimbie.

Mdogo wako akupendaye,
yule mbishi