Taa Nyekundu ya Vifaranga

Shume, Lushoto
8 Februari 2025

Mpendwa Mjomba Twaha,

Shikamoo, na asalaam aleikum. Natumaini huko Kigoma mnaendelea vizuri na magoti yako yamepata nafuu. Mkaza mjomba hajambo? Binti yenu Saumu amekwisha kujifungua? Huku tunapumua. Mama ana kikohozi chake cha ukungu kama kila mwaka, na kabichi zimeoza shambani kwa mvua. Zakia ni mzima wa mwili. Habari za mtoto zinafuata, na nakuomba uzisome umekaa.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu kwenye simu ungenisikia nikilia, na nyumba yetu unaijua, haina chumba ambacho sauti haimfikii Zakia.

Unakumbuka ulivyotufundisha fizikia ya mwanga? Ulichora ubaoni kilima chetu na matuta yake ya ngazi, ukasema atomu ndiyo hii. Elektroni husimama juu ya tuta, haisimami katikati ya mteremko. Ili ipande tuta la juu lazima ipate chembe moja ya mwanga yenye nguvu ya kutosha hatua yote kwa mara moja. Chembe ya bluu ina nguvu kubwa, nyekundu ina ndogo, na nyekundu hata ziwe elfu hazichangiani. Ukatuambia, "Haba na haba hujaza kibaba, lakini si kwa mwanga." Tulicheka darasa zima. Maneno hayo hayo nimewaambia wanafunzi wangu miaka tisa mfululizo.

Ibrahimu alizaliwa tarehe tatu Desemba. Siku ya tatu macho yake yakawa ya manjano. Mkunga wa zahanati akatuambia tumpeleke hospitali akawekwe chini ya taa, lakini mvua ilikuwa imeporomosha udongo na barabara imeziba. Mama akasema mtoto aoteshwe jua. Jua lenyewe tuliona wapi, ukungu ulikuwa umelala mpaka mlangoni. Ndipo mimi, mwalimu wa fizikia, nikakumbuka balbu nyekundu ya vifaranga iliyokuwa bandani.

Niliining'iniza juu ya kitanda. Mtoto akapata joto, akalala, Zakia akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu ajifungue. Kesho yake manjano ilikuwa imeenea mpaka tumboni, nami nikaongeza balbu ya pili. Ya pili, Mjomba. Siku hiyo hiyo mchana barabara ikazibuliwa na bodaboda zikaanza kupita. Zakia akauliza kama twende. Nikamwambia tuipe taa nafasi ifanye kazi. Tukakaa siku mbili nyingine, na siku hizo nilizipoteza mimi, si mvua.

Hospitali walimweka chini ya taa za bluu. Niliposimama mlangoni nikaiona rangi ile, nilielewa papo hapo kila kitu nilichokifanya: manjano huvunjwa na chembe za bluu, nami nilikuwa nimerundika nyekundu. Walimbadilisha damu. Alhamdulillahi, uhai ulibaki. Nesi akatueleza kwamba manjano ikikaa mno huingia kwenye ubongo na inaweza kuharibu usikivu, tumrudishe tarehe ishirini mwezi huu apimwe masikio. Mimi naogopa kwamba jibu ninalo tayari. Msikiti uko ng'ambo ya uzio wetu. Kipaza sauti kikianza adhana kuku wanaruka, Ibrahimu hatikisi hata kope.

Wakati wote huo Zakia alikuwa akinisifu. Alimwambia kila aliyekuja kumwona mtoto kwamba taa ya baba yake ndiyo iliyomshikilia mpaka tukafika hospitali. Wiki nane nilisikia sifa hizo nikanyamaza. Mficha maradhi kifo humuumbua, nami nilificha yangu, kifo kikataka kwenda kwa mtoto wa mwenzangu.

Juzi asubuhi Yudith, mke wa jirani yetu mpasua mbao, alikuja kuiazima taa. Binti yake ana siku nne na macho ni ya manjano. Nilikuwa ndani navaa viatu vya kwenda shule. Nilipotoka, Zakia alikwisha kuifunga kwenye kanga na kumkabidhi, na Yudith alikuwa anashuka na furushi lake. Nakiri kwako kwamba nilisimama kidogo nikipima nitakachopoteza. Kisha nikamkimbilia. Nikamwambia taa hii haitibu, haikumtibu wangu, mpeleke mtoto hospitali sasa hivi. Mumewe alipata pikipiki. Jana nimesikia mtoto yuko chini ya taa za bluu na manjano imeanza kupungua.

Niliporudi, Zakia alikuwa kizingitini. Alikuwa amesikia yote.

"Ulijua?" akaniuliza.

Nikamjibu kwamba nilifundishwa na Mjomba Twaha, na mwenyewe nafundisha.

"Basi ulijua."

Tangu hapo anapika, ananitengea chakula, hasemi nami neno. Ningemwambia kwamba siku ile sikukumbuka, kwamba elimu ilikuwa kichwani lakini nilipoihitaji ikanyamaza. Nani ataamini? Mimi mwenyewe siamini. Jumatatu nina kipindi cha somo hilo hilo, kidato cha sita, na sijui kama mkono utashika chaki.

Nimekwama, Mjomba. Nakuomba uje. Wewe ndiye uliyeniposea Zakia kwa baba yake, na ukiongea anakusikiliza. Njoo kabla ya tarehe ishirini, tusiende kupokea majibu ya mtoto tumekaa benchi moja kama watu wasiojuana.

Msalimie sana mkaza mjomba, na Saumu, nikimwombea ajifungue salama. Mwambie mtoto akiwa na macho ya manjano asisikilize ushauri wa mtu yeyote wa ukoo wetu, aende hospitali. Mama anakusalimu. Zakia hakusema nikusalimie, nami sitaki kumdanganya tena mtu mwingine.

Mungu akupe afya ya kuimaliza safari hiyo. Ibrahimu yuko mapajani mwangu ninapoandika, anaifuata kalamu kwa macho. Nimemwita jina lake mara tatu, na bado anaitazama kalamu.

Mpwa wako akupendaye,
Abubakari