Weupe wa Mtoto Wako Ulitoka kwa Kamera

Nyuma ya kanisa,
Olenguruone.
16 Septemba 2007

Mpendwa mjukuu wangu Kipngetich,

Pokea salamu za bibi yako, kogo wako, kutoka huku kwenye baridi. Mimi ni mzima, ila goti la kushoto linaniuma ukungu ukishuka, na nimelizoea kama mtu anavyozoea jirani mbaya. Wewe je? Unakula? Nasikia huko Doha jua linachoma watu hata kivulini, na wewe unasimama kulinda mlango wa duka mchana kutwa. Ile homa uliyomwambia baba yako imekwisha? Kunywa maji. Usijifanye wewe ni wa chuma.

Kwetu mvua imetukumbuka na viazi vimekubali. Yule ng'ombe wa pembe moja amezaa ndama jike, mkaidi kama mama yake. Baba yako Kemboi hakai nyumbani, kila siku ni mikutano ya kura. Akirudi ana sauti imekauka na viatu vya matope, na anataka chai. Hayo ni yake.

Nimemaliza kukusalimu kwa adabu. Sasa wacha nikugombeze.

Ulimpigia mke wako simu. Cheruto alitoka mbio na simu mpaka pale juu kwenye kisiki, mahali netiweki inapatikana, akarudi uso umeanguka. Akaketi jikoni. Nikamuuliza, "Amekufa nani?" Akasema, "Kogo, ameona picha ya mtoto kwa kompyuta. Anauliza mtoto mweupe hivi nimemtoa wapi." Tangu siku hiyo hujapiga tena. Msichana wa watu anapanda kwenye kisiki kila jioni na simu mkononi, anarudi na umande tu.

Amewaambia kwao Longonot. Kaka yake Naftaly, yule mwalimu, amesema shule zikifungwa mwezi wa kumi na moja atakuja kumchukua, yeye na mtoto. Nguo za mtoto zimeshakunjwa kwenye mfuko. Nakuandikia ujue hivyo. Ningeweza kuazima simu, lakini simu unaweza kuikata. Barua utaisoma mpaka mwisho.

Mimi nilikuwa ndani ya nyumba siku mtoto alipopewa jina. Tuliketi wanawake wazee, tukaita majina ya waliotutangulia, mtoto akanyamaza tu anatutazama. Wenzangu walipofika kwa baba mkwe wangu, ambaye mimi simtaji kwa jina, mtoto akapiga chafya ya kutikisa blanketi, ndiyo ishara kwamba mzee huyo wa kwetu amerudi ndani yake. Na ugoro hatukumnusisha, kama wengine wanavyofanya wakichoka kungoja. Kwa hiyo mimi sikuhitaji picha. Lakini wewe unaamini kompyuta. Nikasema basi, nitaifuata hiyo picha mpaka nijue huo weupe iliutoa wapi.

Picha ilipigwa na Micah, binamu yako, anayejiita fotografa tangu aliponunua kamera ya dijitali. Alikuja na macho mekundu, ametoka kupiga picha za harusi ukumbini usiku kucha. Mimi nilikuwa nimekataza mtoto kutolewa nje. Alikuwa hajamaliza siku zake za kukaa ndani, na macho ya watu unayajua. Ningekataza hata leo. Basi alimpigia humu ndani, mwenye dirisha moja na moshi, mtoto amefunikwa ile blanketi ya kahawia nzito, kamera karibu na pua kama anamng'oa jino. Kikawaka kitu, puu! Mtoto akalia. Micah akasema, "Imetoka poa, kogo."

Poa gani? Nilipokuja kuitazama kwenye kile kioo kidogo cha nyuma nilimwambia, "Huyu si mtoto, huyu ni ugali." Paji la uso jeupe, mashavu meupe, na buluu imemzunguka mdomo kama aliyelala nje kwenye jalidi. Na Micah alikwenda kwa saiba, kule kwenye kompyuta za kulipia, kukutumia hiyo hiyo. Lakini sikiliza: Micah ni mjinga wa kamera tu. Wewe ulikuwa mjinga wa mke wako.

Nikavaa viatu vya kanisa, nikamshika Micah, tukashuka Nakuru mpaka Bondeni, kwenye studio ya Shantilal, ile uliyopigwa picha ya kitambulisho. Mzee Shantilal miguu imekataa, siku hizi studio anaiendesha binti yake Ritu, mwanamke wa sauti kubwa na bangili nyingi. Kijana mmoja kwenye foleni akaniambia, "Mathe, laini inaanzia huku." Nikamwambia mathe yako yuko nyumbani anakungoja ukaoge. Watu wakacheka, nikapita.

Ritu akaitazama picha. "Nani alipiga hii?"

Micah akasema, "Ni mimi, lakini mwanga ulikuwa mbaya."

"Mwanga haukukosa kitu. Uliukuta pale, ukauharibu." Akanigeukia. "Mama, huyu mtoto wako?"

"Kitukuu changu. Na baba yake amemkataa kwa sababu ya hii picha."

Akashusha miwani. Akafunga mlango wa ndani, akaacha watu wangoje. Nikampenda hapo hapo.

Kipngetich, mimi niliishia darasa la tatu, lakini siku ile nilijifunza jambo ambalo nyinyi wenye vyeti hamlijui. Kamera haioni mtu. Haijui huyu ni mtoto na hii ni blanketi. Inapima tu mwanga unaoirudia, basi. Ikikutana na vitu vyeusi vimejaa mbele yake, inafikiri kuna giza, inaongeza mwanga. Ikikutana na vyeupe vimejaa, inapunguza. Ritu alisema inataka kila kitu kifike katikati, kifanane na majivu ya jiko. Sasa wewe mpe nyumba ya moshi, blanketi ya kahawia, na kichwa kidogo cha mtoto kama kiazi katikati. Itamwaga mwanga kama mtu anayemwagia kikombe kwa ndoo.

"Kwa hivyo ni mjinga," nikasema.

"Mjinga kabisa, mama. Mwenye akili lazima awe yule anayeishika." Akamtazama Micah, Micah akatazama viatu.

Nikamuuliza Ritu: kama inataka kila kitu kiwe majivu, ni nani aliyeiambia kwamba majivu ndiyo sawa? Akacheka mpaka bangili zikalia. Akasema wateja humuuliza lini picha ziko tayari, hilo hajawahi kuulizwa. Mimi bado nalifikiria nikikamua.

Tena ile flashi, kile kitu kilichowaka puu. Ukiiwasha karibu namna ile, wa mbele anaungua na wa nyuma anabaki gizani. Ndiyo maana kwenye picha yako ukuta wangu haupo kabisa, kama mtoto anaelea. Na ile buluu? Kamera ina alama ndogo ndogo za kuiambia uko chini ya mwanga gani: kuna jua, kuna wingu, kuna taa ya globu. Taa za ukumbi ni za manjano, basi ukichagua globu kamera inatia buluu ili kuyafuta yale manjano. Micah aliiacha pale pale kwenye globu, akaja kwangu ambako hata waya wa stima haujafika. Ile buluu ikakosa manjano ya kufuta, ikamkalia mtoto mdomoni. Nilimpiga kofi la begani. Akasema, "Kogo, ni setingi tu!" Setingi tu, na nguo za mtoto ziko kwenye mfuko.

Sikutosheka na maneno. Nikamwambia Ritu nionyeshe. Akanilaza mkono juu ya kitambaa cheusi, chumba kikawa giza, akaweka kila kitu kama Micah alivyokuwa ameweka, akawasha flashi karibu. Halafu akanipeleka mlango wa nyuma, pale kivulini lakini uwazi uko mbele, akazima flashi, akabadilisha alama, akapiga mkono ule ule. Picha zote mbili ziko ndani ya bahasha hii. Mkono unaujua, una kovu la panga hapo chini ya kidole gumba, na umekupiga mara nyingi. Tazama ya kwanza. Mimi Cheptanui, niliyelima Mau tangu nikiwa msichana, nina mkono wa bibi wa mzungu! Tazama ya pili. Ndio mimi. Usiniambie hiyo ni mikono ya watu wawili.

Niliporudi nyumbani nilimnyang'anya Micah kamera. Mtoto sasa amemaliza siku zake, anaruhusiwa kuona nje. Nikataka nijaribu mwenyewe, maana nilishaonja, na kitu nikishakionja sikiachi nusu. Ya kwanza nilikata kichwa. Ya pili ilikuwa kidole changu. Ya tatu blanketi imeonekana kila uzi na uso wa mtoto ni ukungu. Micah anapiga kelele, "Bonyeza nusu kwanza, kogo! Nusu! Ishike jicho lake, ndio umalizie!" Nani amewahi kubonyeza kitu nusu? Lakini ndivyo ilivyo. Ukibonyeza nusu inatafuta, ikipata inalia kidogo kama kifaranga, halafu unamalizia.

Kuna namba moja wanaiita ISO. Ukiipandisha, kamera inaona hata kwenye giza la nyumba yangu, nikafikiri nimepata dawa. Lakini picha ikajaa chenga kama unga ambao haujachungwa. Nikaishusha. Sasa ikawa kamlango ka ndani ya kamera, kanakopitisha mwanga, kanakaa wazi muda mrefu kuungoja, mtoto akirusha ngumi, ngumi inakuwa moshi. Ukipata hapa unapoteza pale. Nilikasirika, halafu nikaanza kufurahi, kwa sababu hiyo ndiyo kazi yote niliyowahi kufanya maishani: ukizidisha kuni maziwa yanamwagika, ukipunguza hayachemki.

Asubuhi moja ukungu ulishuka mpaka mlangoni. Nikaona mwanga umelala sawa juu ya kila kitu, hakuna kivuli chini ya pua ya mtu, hakuna anayekunja macho. Nyinyi vijana mnakimbilia jua kupiga picha, mnatoka na mashimo mahali pa macho. Nikamwita Cheruto aketi kizingitini na mtoto, uso uelekee nje. Nikaitoa ile blanketi ya kahawia, nikamfunika shali yangu ya kijivu, ili mashine ipate majivu yake inyamaze. Nikabonyeza nusu. Ikalia. Nikamalizia.

Imetoka. Rangi ya mtoto iko pale, yake kabisa, na rangi ya masikio kwa juu inaonyesha weusi atakaokuwa nao akikua. Watoto wote huzaliwa na wekundu wekundu, ungekuwa unajua kama kazi yako ingekuwa karibu. Huangaliwa masikio. Nimeyaangalia. Sitakuambia anafanana na nani.

Micah alipoileta kwenye karatasi kutoka kwa Ritu, nilitaka kuitia kwenye bahasha hii, nimeshailamba gundi upande mmoja. Cheruto akaja akasimama nyuma yangu.

"Kogo, usitume."

"Nisitume? Nimekwenda mpaka Bondeni na goti hili!"

"Asante kwa kwenda. Lakini mimi sitaki picha inisemee. Akiniamini kwa sababu hii ni nzuri, ikitoka mbaya nyingine atanifanyaje?"

Nilifungua mdomo nimgombeze. Halafu nikatazama ile picha, nikamtazama yeye, na nikaona kwamba anayo haki, tena kubwa kuliko yangu.

Kwa hiyo nakutumia mkono wangu, ujue kamera inaweza kufanya nini. Uso wa mtoto hutauona. Mpigie mke wako kwanza, umwambie umemkosea, ukiwa bado hujaona kitu, na neno lake peke yake likutoshe. Cheruto anapanda kwenye kisiki jioni, baada ya kukamua. Usiku hapandi, kwa hiyo usijisingizie kazi. Ukimwambia vizuri, nitakupelekea picha posta mimi mwenyewe kesho yake. Nimeiweka kabatini chini ya sahani za wageni.

Naftaly akifika kabla hujapiga, mimi sitasimama mlangoni kumzuia dada yake. Nitamsaidia kubeba mfuko mpaka barabarani. Na picha nitampa Cheruto aende nayo Longonot, maana ni yake.

Baba yako anakusalimu, na mama yako, na shangazi yako Jepkorir aliyenikorogea uji nikiandika hii. Micah anakusalimu pia, anaomba usimkasirikie. Mimi nimeshamkasirikia ya kutosha. Wasalimie wenzako mnaolala chumba kimoja.

Mungu akusimamie huko kwenye mlango wa watu, akutoe kwa wema, na akupe ulimi wa kuomba msamaha kabla viazi havijachimbwa.

Ni mimi bibi yako nikupendaye hata nikikuchapa,
Kogo Cheptanui