Usiiguse Kutu Hiyo

Mjukuu wangu Furaha,

Hapa mtaani Overport tuko wazima. Bibi yako ameshaonyesha kanisa zima picha ya upanga wako wa kale wa Kijapani, nami niliruka kutoka kitini! Unauliza kama uondoe kutu ya shina la chuma lililo ndani ya mpini kabla wataalamu hawajathibitisha kuwa ni wa kale kweli. Eish, usiiguse!

Ujanani nilimfanyia kazi mzee mmoja wa mtaa wa Sydenham aliyekusanya panga za aina hiyo. Siku moja, nikitaka kumfurahisha, nilichomoa mpini nikasugua kutu mpaka chuma kikang'aa. Mzee akashika kichwa: "Kutu ndiyo iliyoonyesha umri wake! Sasa umeuacha bila karatasi za kuutambulisha."

Mimi mkimbizi, niliyejua adha ya kukosa karatasi, nilielewa papo hapo. Upanga wako nao ni mgeni aliyetoka mbali. Usimnyang'anye karatasi zake.

Babu yako, simu mkononi nikingoja jibu lako