Feni ya Purity Chini ya Mwamba

Turkana, 4 Februari 2025

Dada Kiende,

Hamjambo huko Kiirua? Goti la Mama linaendeleaje? Mimi ni mzima kuliko wazima wenyewe.

Hapa kwa kisima cha mafuta simu zimekatazwa, kwa hivyo barua hii nampa Njeru wa lori. Waambie watu bila mimi hakuna mafuta. Mimi ndiye nachanganya tope linaloteremka ndani ya mabomba ya kuchimba. Niliishia darasa la saba, lakini mainjinia wa ng'ambo hunisubiri mimi!

Kuna msichana wa Embu, Purity, kwao ni mtaa wa Majimbo. Ametengeneza feni ndogo ya chuma inayokaa kilomita mbili chini. Tope likipita, feni inazunguka na kutoa stima ya vipimo, vile vyombo vya kupima mwamba huko. Betri hapo chini huiva kwa joto kama viazi. Lakini juzi feni ilikwama, vipimo vikazima. Mkubwa amesema mabomba yakivutwa juu, feni itupwe na Purity arudi kwao. Msichana hali chakula. Nimempa chapati zangu mbili, na unajua mimi na chapati.

Ndugu yako,
Kobia

Kiirua, 11 Februari

Ndugu yangu,

Ashukuriwe Mungu uko salama. Goti la Mama hulalamika asubuhi tu. Ng'ombe amezaa.

Nilisoma barua yako shambani, zamu yangu ya maji, na kinyunyizio kilikuwa kimesimama. Sikukilaumu. Nilifuata bomba mpaka juu, nikamkuta Kailemia anaosha karoti kwa mfereji, majani yote yanaingia kwa bomba langu. Sasa nakuuliza wewe, mwenye tope: siku feni ilipokwama ulitia nini? Na kiasi gani? Nakujua, Kobia. Ukipika githeri unatia chumvi ya kanisa zima.

Dada yako,
Kiende

Turkana, 19 Februari

Dada Kiende,

Pole kwa karoti za Kailemia, na hongera kwa ndama. Barua yako nimeisoma mara tatu nikitafuta mahali pa kukasirika, nikakosa.

Mwamba ulikuwa na nyufa, tope likawa linapotelea humo. Niliambiwa nitie maganda ya njugu yaliyosagwa ili kuziba, magunia mawili. Mimi nikaona mawili ni ya watu wachoyo. Nikatia matano.

Nilienda kwa mkubwa kofia mkononi. "Feni haina makosa. Ni mimi." Purity alinitazama nikatamani anipige tu.

Mabomba yalipotoka tuliifungua feni: maganda yamejaa kama ugoro kwa pua ya mzee. Purity akaisafisha kwa mswaki wangu, ikarudishwa chini. Jana asubuhi akaweka kiganja juu ya bomba. Vipimo huongea nasi huku juu kwa kusukuma tope, du, du, kama ndama anapopiga teke tumboni. Akausikia mdundo, akapiga kelele hata mpishi akatoka na mwiko.

Mimi nimeondolewa kwa tope. Nafagia, na Turkana nzima hakuna anayefagia kama mimi. Lakini Purity amebaki, na kule chini stima inawaka.

Ndugu yako,
Kobia