Mkondo wa Kulia Nimeuchora Mwenyewe

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kabla ya Ijumaa, maana nimemdanganya mama mkwe wangu kuhusu galaksi.

Mimi ni fundi wa picha kwenye kituo cha darubini za redio, tuna madishi kumi na mawili uwanjani, na mkuu wa kituo ndiye huyo mama mkwe, kazini namwita Mkuu, nyumbani Mama, na nikichanganya mume wangu hucheka mpaka anakohoa. Kuna galaksi moja, jirani yetu kwa hesabu za angani, inatoa mawimbi ya redio, ina mabawa mawili makubwa na katikati unatoka mkondo mwembamba kwenda kulisha bawa la kushoto, lakini wa kulia hakuna aliyewahi kuuona, na Mama ameutafuta miaka ishirini na miwili, kila mwaka anaandika ripoti kwamba hajauona.

Ijumaa anastaafu. Mwezi uliopita alinipa data za mwisho nizitengenezee picha, na kwa kuwa hewa huvuruga mawimbi, unaipa kompyuta mchoro wa kuanzia, yaani galaksi unavyodhani ilivyo, nayo inasahihisha data za madishi mpaka zikubaliane na mchoro, unarudia tena na tena, na jambo la kwanza tunalofundishwa ni kwamba usiweke kwenye mchoro kitu ambacho hujakiona. Mimi nikauchora mkondo wa kulia. Nilimhurumia tu, nikasema nione ungekuwaje kisha niufute, lakini mara ya tisa ukatoka mzuri hata mimi nikauamini kidogo, na hapo Mama akaingia bila hodi, akasimama nyuma yangu, akauliza, "Huo ni nini?" nikasema, "Ndio huo, Mama." Akaketi juu ya boksi la nyaya akalia.

Tangu siku hiyo ananiita binti yangu hata kwenye vikao, picha ameitundika sebuleni mahali palipokuwa na picha ya harusi yetu, na Ijumaa atautangaza mkondo mbele ya wageni. Mume wangu anasema ninyamaze, eti nani atakwenda huko kuhakikisha. Nifanye nini?

Mchora Mkondo

*

Mchora Mkondo,

Pole. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikasirika.

Mumeo mwambie hakuna haja ya mtu kwenda huko. Wengine wenye madishi yao watayaelekeza upande huo wiki ijayo, hawataona kitu, na jina litakalochafuka ni la mama yake, akiwa hana tena ofisi ya kujitetea. Nawe acha kujificha nyuma ya huruma. Ulipomwona analia ungeweza kusema papo hapo. Umenyamaza mpaka leo kwa sababu unapenda kuitwa "binti yangu", na hilo nalielewa, lakini silisamehe.

Unadhani ukweli utamvunja. Dada, mwanamke huyu ameandika "sijauona" miaka ishirini na miwili, akatia sahihi, akarudi kazini kesho yake. Anajua kupokea habari mbaya kuliko sisi sote. Asichokijua ni kwamba anaibiwa.

Kwa hiyo kesho asubuhi, ofisini, si nyumbani wala si kwa simu, na mumeo abaki alipo. Chukua data zile zile, anza na mchoro usio na mkondo wa kulia, utengeneze picha upya. Weka zote mbili mezani. Sema, "Mkuu, huu niliuchora mimi." Habari za hewa na kompyuta anazijua kukuzidi, usimchoshe nazo. Akikufokea, nyamaza. Akikutoa nje, toka, kaa kwenye korido mpaka akuite, hata kama ni saa ya kufunga. Huenda atakuita kwa cheo chako hata nyumbani, mwaka mzima. Vumilia.

Na usianze kulia wewe. Aliyepoteza kitu ni yeye.